Siku Mpira Ulipoona Haya

Bi Birika alisema tangu mwanzo kwamba yeye si redio ya kubonyezwa. Kila anayepita pale kijiweni siku hizi, akishawaona wazee wale wakikimbizana na kimpira, humtaka asimulie ilikuwaje, na kila mmoja anataka aanzie mwanzo, kana kwamba kahawa inajichemsha yenyewe. Shule aliiaga darasa la pili, na mwalimu akashukuru. Waende wakawaulize wanaume, ndio wenye midomo isiyo na milango. Lakini wanaume wakisimulia hutia chumvi mpaka mchuzi ukawa bahari, na yeye hapendi chungu chake kuonjwa na kila mtu. Basi na isimuliwe mara moja, iishe, watu warudi makwao.

Kijiwe chenyewe ni benchi moja mbele ya kibanda cha fundi viatu, kando ya barabara iendayo kwenye kiwanda cha nyuzi kilichofungwa. Benchi ni ubao wa sanduku lililoleta mashine za kiwanda, na bado lina mshale mwekundu wa kuonyesha upande wa juu. Mshale unaelekea chini, na hakuna aliyewahi kujisumbua kuugeuza. Kila alasiri hukaa watu walewale wanne. Kuna Fundi, mwenye kibanda, aliyewahi kushona mikanda ya mashine kiwandani, ambaye methali zote anazijua ila pa kuziweka hapajui. Kuna Desimali, aliyefundisha hesabu shule ya kiwanda miaka thelathini na mpaka leo hawezi kunywa kikombe bila kukigawanya. Kuna Sabuni, aliyekuwa mtunza stoo wa kiwanda, mwenye sauti kubwa kuliko kifua. Na kuna Kimbunga, aliyekuwa kwenye mashine za kusokota, mwembamba, mkimya, mkono wa kulia mfukoni saa zote kama mtu aliyeficha kitu. Bi Birika huketi kwenye kigoda karibu na jiko lake la mkaa, anamimina, anasikia. Enzi za kiwanda yeye ndiye aliyekuwa akifagia ukumbi wa wafanyakazi. Watu walishasahau hilo, naye hakuona sababu ya kuwakumbusha.

Siku hiyo kijiwe kilipata mgeni asiyekunywa kahawa: meza. Aliyenunua ule ukumbi alitaka kuweka mifuko ya saruji, akavitupa nje vyote alivyovikuta, na Fundi akaiwahi meza ya kuchezea mpira wa meza kwa mkokoteni. Aliisimamisha juu ya madebe manne mbele ya kibanda. Kesho yake angeikata katikati kwa msumeno, nusu ya kukatia ngozi, nusu ya shemeji yake. Rangi ya kijani ilikuwa imechujuka kama nguo ya kazi, lakini mstari mweupe wa katikati ulionekana, na wavu ulikuwa uleule walioushona wenyewe kwa nyuzi za kiwanda.

Wakaizunguka kama watu waliofika kumwona mgonjwa. Fundi akaigonga kwa kidole, ko, na ile sauti ikawarudisha wote mbali. Wakaanza: unakumbuka king'ora cha saa tisa. Unakumbuka pamba, tukitoka zamu wote tuna mvi, hata wasichana wa miaka kumi na minane. Unakumbuka tulivyokuwa tunakimbia na chakula mdomoni ili kuiwahi meza. Bi Birika alikumbuka pia, lakini alichokumbuka yeye ni sakafu. Sakafu ya ukumbi ule aliipaka polishi nyekundu kila Jumamosi, akaisugua kwa magoti, mpaka mtu akisimama anaona meno yake mwenyewe. Hilo hakuna aliyelitaja.

Hapo ndipo alipofika nesi mpya wa zahanati, binti wa miaka ishirini na kitu, ndala ya ngozi mkononi, mguu mmoja peku.

— Shikamooni wazee wangu. Shikamoo bibi. Fundi, mkanda umekatika.

— Marahaba mwanangu, akasema Fundi. Keti hapo, ni dakika tano. Wahenga walisema haba na haba hukata mkanda.

— Hujaza kibaba, akasema Desimali.

— Kibaba kikijaa sana, mkanda haukatiki?

Nesi akaketi mwisho wa benchi, akaitazama meza, akauliza kama hapo wanacheza. Swali hilo Sabuni alikuwa akilingoja tangu asubuhi. Alikuwa amekwisha kukimbilia nyumbani na kurudi na kitu ndani ya gazeti. Akakifungua taratibu, kama anamvua mtoto nguo. Ilikuwa raketi ya mbao, nyekundu pande zote mbili, imeng'aa kama goti lililopakwa mafuta.

— Hii, akasema, ndiyo iliyomnyamazisha yule pale.

Kimbunga hakumtazama. Alipuliza kahawa ambayo ilikwisha poa zamani.

Basi nesi akasimuliwa, na watatu wakisimulia kwa pamoja ni kazi ya msikilizaji kuokota. Wakati ule hakukuwa na wa kumweza Kimbunga. Kazi yake ilikuwa kusokota nyuzi, na mpira nao aliusokota. Aliupiga kutoka chini kwenda juu, kwa kuuparuza tu, kama mtu anayewasha kiberiti. Mpira ukaenda ukizunguka, ukigusa meza unaruka kama umekanyaga kaa la moto. Raketi ya kawaida ina raba inayonata. Ukiukinga mpira wa namna ile, raba inaudaka ule mzunguko na mpira unapaa mpaka darini. Miaka minne kombe lilikuwa la Kimbunga. Mwaka wa tano fainali ilikuwa na Sabuni, ambaye wakati huo hakuwa Sabuni, alikuwa mtunza stoo tu, na watu walidhani amefika fainali kwa kupotea njia. Mshindi angekwenda kukiwakilisha kiwanda kwenye mashindano makubwa.

Kimbunga akachukua seti ya kwanza. Kisha mkosi ukaingia. Kila alichokisokota kilirudi polepole, kinyonge, kama barua iliyomkosa mwenyewe. Akikipiga tena kinazama wavuni. Mpira ulikuwa unateleza kwenye raketi ya mwenzake kama mtu aliyetoka kuoga, na hapo ndipo jina la Sabuni lilipozaliwa. Kimbunga akapoteza seti ya pili. Akapoteza ya tatu. Akaenda nyumbani, akaitundika raketi nyuma ya mlango, na hajaishika tena. Binti yake mdogo alipomlilia amfundishe, alimwambia mkono umemhama, akacheze na wenzake. Binti akaacha kuuliza. Sasa naye ana watoto wa kike wawili, na hakuna kati yao aliyewahi kuona babu yao anafanya nini kwa mkono ule zaidi ya kushika kikombe.

— Lakini sababu ni ya kisayansi, akasema Desimali. Ile meza ilielekea mashariki na magharibi. Dunia nayo inazunguka. Seti ya kwanza Kimbunga alikuwa anasokota pamoja na dunia. Wakabadilishana pande. Seti ya pili akawa anasokota dhidi ya dunia. Mtu mmoja na dunia nzima, toa, unapata nini?

— Na seti ya tatu? akauliza Fundi. Si walibadilishana tena?

Desimali akanywa, akafikiri.

— Seti ya tatu ilikuwa jioni. Dunia jioni inakuwa imechoka.

Fundi akasema huo ni upuuzi wa watu waliosoma. Yeye anajua ngozi. Alishasema miaka yote na atasema mpaka azikwe: ile si raba, ni ngozi ya kambare. Mtu alimchuna kambare mkubwa, akaianika ngozi kivulini, akaigandisha kwenye mbao. Hakuna kitu kinachoteleza kama kambare.

— Kambare mwekundu umemwona wapi? akauliza Desimali.

— Alipakwa rangi. Ndiyo maana wahenga wakasema samaki mkunje angali mbichi.

— Hiyo ni methali ya kulea watoto.

— Na kambare hana mzazi?

Bi Birika akazungusha vikombe. Alishaisikia dunia, alishamsikia kambare. Aliwahi hata kusikia kwamba siku ile mpira ulichemshwa pamoja na yai. Kila mwaka hadithi iliota mguu mpya, na kila mwaka yeye alimimina kahawa, akanyamaza. Alijiambia ni maneno ya wanaume wasio na kazi, hayamuumi mtu.

Sabuni akawaacha wamalize, kisha akasema lake, alilokuwa akilisema siku zote, kwamba siri ilikuwa kwenye jicho. Yeye hakuupiga mpira. Aliutazama. Aliutazama kwa jicho moja mpaka mpira wenyewe ukaona haya, ukaacha ujeuri wa kuzunguka.

— Hapo hata mimi nakubali, akasema Fundi. Uliona haya kweli. Si uligeuka mwekundu?

— Waridi, akasema Kimbunga.

Wote wakamgeukia. Kimbunga hakuwa mtu wa kuchangia kwenye hadithi hii. Kwa kawaida ilipoanza, yeye aliitazama barabara mpaka ikaisha.

— Haukuwa mwekundu. Uligeuka rangi ya ufizi. Nilikuwa nauokota wavuni, naona unabadilika kila mara. Nikajua ni damu. Nikakitazama kiganja, hakuna kidonda. Nikatazama vidole, hakuna. Nikasema basi, mkono unavuja kwa ndani. Umeoza, mimi sijui. Tangu siku ile sijauamini.

Akautoa ule mkono mfukoni, akautazama kidogo kama kitu cha kuazima, akaurudisha. Bi Birika alikuwa ameinua birika, akalishusha bila kumimina. Miaka thelathini na ushee amekaa hatua tatu kutoka kwa mtu huyu, amemhudumia asubuhi na alasiri, na habari ya damu hakuwahi kuisikia. Alidhani mtu alipoteza mchezo. Kumbe alipoteza mkono.

— Babu, akasema nesi, mkono hauvuji damu bila kidonda. Mimi ndiyo kazi yangu. Hizo raketi zenyewe kabla ya mechi zilikuwa zinakaa wapi?

Hilo wote walilijibu kwa fahari, maana ulikuwa utaratibu wa kiwanda chao na hakuna kiwanda kingine kilichokuwa nao. Ijumaa kabla ya fainali, wachezaji wawili walileta raketi zao ukumbini, zikawekwa kwenye kabati la kombe, likafungwa kwa kufuli kubwa kama kobe. Hakuna kuzigusa mpaka Jumapili. Ili mtu asije akachezea raketi yake au ya mwenzake. Haki bin haki.

— Na ufunguo wa kabati alikaa nao nani?

Fundi alikuwa na msumari mdomoni. Akautoa. Akasema bila shaka mwenyekiti wa michezo. Desimali akasema mwenyekiti wa michezo wiki ile alikuwa msibani. Basi meneja. Meneja, akasema Sabuni kwa sauti ambayo ghafla ilikuwa ndogo, alikuwa hajui hata mlango wa ukumbi ulipo. Wakatazama juu, wakatazama chini. Walikuwa wameizungusha dunia, wamemchuna kambare, wamechemsha mpira na yai, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuuliza jambo la ufunguo. Sasa limeulizwa na mtoto wa juzi, mguu mmoja peku.

Ufunguo ulikuwa ukining'inia shingoni mwa Bi Birika, kwenye uzi wa kiwanda, mbele ya macho yao wote, miaka sita. Waliuona kila siku kama mtu aonavyo msumari ukutani.

Akainamisha birika juu ya kikombe cha Desimali. Likatoka tone moja. Kahawa imekwisha, na kahawa ikiisha kijiwe huvunjika, ndiyo sheria. Fundi tayari alikuwa anajikung'uta. Angenyamaza tu, wangeondoka, kesho wangerudi kwenye kambare wao. Na wiki ijayo, na mwaka ujao, na mtu yule angezikwa na mkono wake mfukoni.

— Kaeni, akasema. Ufunguo ulikuwa kwangu.

Akawaambia, na hakuzunguka. Jumamosi ile msimamizi alimwamuru kila kitu ukumbini king'ae, wageni wanakuja. Asiyeng'arisha asije Jumatatu. Akang'arisha sakafu, madirisha, viti. Akafungua kabati, akang'arisha kombe. Akakuta raketi mbili. Ya Kimbunga ilikuwa ndani ya mfuko wa kitambaa alioshonewa na mkewe, mdomo umefungwa kwa kamba, hakuigusa. Ya mtunza stoo ililala wazi, chafu, na raba yenyewe ina vumbi la pamba. Yeye mpira wa meza aliujua kwa kuufagia tu. Kwake kitu chenye vumbi ni kitu chenye vumbi. Akachovya kitambaa kwenye polishi ya sakafu, akaipaka pande zote mbili, akasugua kwa mkono uleule unaosugua sakafu, mpaka akajiona.

— Polishi nyekundu, akasema Fundi.

— Nyekundu. Ile damu yako, Kimbunga, ilikuwa polishi.

Bi Birika akasema kwamba Jumapili alikuwa amesimama mlangoni na ufagio, akaiona raketi ikimeta, akaona mpira unapata rangi, akaelewa. Kwanza alinyamaza kwa kuogopa kufukuzwa kazi, ana watoto watatu na mume aliyekwisha ondoka. Kiwanda kilipofungwa, kazi ya kuogopea haikuwapo tena, akaogopa macho. Baadaye ikawa kama sugu kisiginoni. Ukiizoea huihesabu.

— Na nikajiuliza nimwombe radhi nani, akamalizia, wakati mwenye raketi mwenyewe alikuja Jumatatu kuniuliza niliipaka nini.

Basi macho yakahama. Sabuni alikuwa ameanza kuikunja raketi ndani ya gazeti, na gazeti lilikuwa limekataa.

— Ulijua, akasema Kimbunga. Hakuwa anauliza.

— Si mwanzoni. Seti ya kwanza yote mipira yangu inaanguka sakafuni, nikadhani nimelogwa. Mwanzoni mwa seti ya pili nikagundua nikisimama tu na raketi kama mfuniko wa sufuria, mpira unarudi wenyewe. Ndipo nikaigusa kwa kidole.

— Ukanyamaza.

— Ningesema nini, ndugu yangu? Miaka minne unanifunga kama mtoto. Ilikuwa mara ya kwanza nakuona unatoka jasho.

Desimali akauliza kwa upole habari ya yale mashindano makubwa, maana Sabuni siku zote alisema alitolewa nusu fainali. Sabuni akatazama mshale wa benchi. Akasema kule kuna utaratibu. Kabla ya kucheza, mwamuzi huishika raketi, na mpinzani naye ana haki ya kuishika. Mwamuzi alipitisha kidole gumba, kidole kikawa chekundu. Akamwambia akatafute raketi nyingine. Akaazima. Akafungwa ishirini na moja kwa tatu, tena mechi ya kwanza, na mtu aliyekuwa na mafua.

Siku nyingine wangecheka mpaka vikombe vivunjike. Kimbunga akasimama, akaweka kikombe kwenye sinia la Bi Birika taratibu, akaondoka bila kumuaga mtu. Mkono ulikuwa nje ya mfuko.

Nesi akauliza ndala yake. Fundi akasema kesho.

Kesho yake Bi Birika aliwasha jiko akijua huenda anachemsha kahawa ya watu wawili. Sabuni alikuja, akakaa pembeni, akajifanya anasoma gazeti lilelile la raketi. Desimali hakugawanya kitu. Fundi alikuwa amening'iniza msumeno tayari kwa meza, lakini kila alipousogelea alikumbuka kiatu cha mtu. Nesi akaja kufuata ndala, ikawa haijaguswa. Hakukasirika. Chini ya kwapa alikuwa na kimfuko, ndani yake raketi yake mwenyewe, maana alicheza chuoni, na mipira sita. Alisema amekuja kuona tu.

Saa kumi na nusu Kimbunga akatokea. Alikuwa na mfuko wa kitambaa, ule wa marehemu mkewe, kamba bado imefungwa fundo la mwanamke. Akaufungua mbele ya watu. Raba ya raketi iliyomo ilikuwa imepasuka kama kisigino cha kiangazi. Akaiweka kando, akamwomba nesi raketi yake, akaipima mkononi.

— Dada, akamwambia Bi Birika. Simama upande ule. Shika ile ya Sabuni.

— Nina jiko.

— Jiko halitakimbia.

Bi Birika alikuwa hajawahi kuishika raketi ila kwa kuifuta. Akajifunga nguo vizuri kiunoni, akasimama pale aliposimama Sabuni siku ile, akaishika kama anavyoshika mfuniko. Kimbunga akarusha mpira, akaukosa kabisa. Akaukosa wa pili. Wa tatu ukampiga Desimali. Wa nne akaukamata kutoka chini, akaupandisha kwa kuparuza, na Bi Birika akasikia ule mlio aliokuwa akiusikia akiwa na ufagio mlangoni, mlio mdogo kama kitambaa kinachochanika. Mpira ukaja unawaka. Hakufanya kitu. Aliweka tu ule mfuniko mbele ya kifua chake asiumie. Mpira ukateleza, ukarudi taratibu, ukagusa meza. Kimbunga akaupiga tena kwa nguvu zilezile, ukazama wavuni.

Akarudia. Wavuni. Akarudia. Wavuni. Mwanamke wa miaka sabini kasoro, hajui hata jina la pigo, alikuwa anamfunga bingwa wa miaka minne kwa kusimama tu.

Kimbunga akaweka raketi mezani, akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akauminya kuanzia begani mpaka vidoleni, kama mtu anayekagua mbuzi kabla ya kumchukua.

— Haukuwa na kitu, akasema. Miaka yote hii. Haukuwa na kitu.

Kisha akacheka. Alicheka kidogo tu, kwa pua, na Fundi ambaye hulia hata kwenye harusi akaenda kutafuta msumari ambao hakuupoteza. Kimbunga akachukua mpira mwingine. Safari hii uliporudi kinyonge hakuupiga. Aliuinua kwa chini, polepole, kama anamwamsha mtu, ukapita juu ya wavu, na uliofuata akaupigilia kwenye kona. Akasema hivyo ndivyo angecheza siku ile kama angejua. Mpira unaoteleza kwenye raba ile haupotezi mzunguko wake, unarudi nao kinyumenyume, kwa hiyo unauinua kwanza. Kitu chepesi. Angehitaji pointi kumi tu kukielewa, kama mkono wake angekuwa bado anauamini.

Sabuni alikuwa amesimama, kofia mkononi. Akaanza kusema kwamba kombe bado liko kwake, juu ya kabati, atalileta. Kimbunga akamwambia abaki nalo, awe analifuta vumbi mwenyewe. Yeye anataka faini nyingine. Akazitamka hukumu mbili, na kijiwe kikazipitisha, Fundi akaongeza kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemsahihisha kwa sababu hakuna aliyekuwa anamsikiliza.

Meza haikukatwa. Ndala ya nesi ilichukua siku tisa. Jumamosi iliyofuata binti wa Kimbunga alipita na kapu, akamwona baba yake, akasimama barabarani mpaka akapigiwa honi. Baba yake akamwita kwa mkono. Alimpa raketi, akamwonyesha kwa kidole pa kusimama. Wale watoto wa kike wawili wanacheza vizuri kuliko mama yao, lakini hiyo ni hadithi yao, waiseme wenyewe.

Faini ya Sabuni ni kuokota mipira. Kila alasiri, kila mpira, pamoja na inayoingia mtaroni na ile inayobiringika chini ya kibanda, kwa magoti yanayolia kama mlango wa stoo yake, mpaka mmoja wao azikwe. Ameomba apunguziwe Ijumaa. Amekataliwa.

Na Bi Birika alihukumiwa kuiosha ile raketi kwa mkono uleule ulioipaka. Aliisugua kwa maji ya vuguvugu siku tatu, maji yakitoka mekundu, kisha ya waridi, kisha meupe. Raba ni nzee, haikurudi kunata sawasawa, lakini angalau iliacha uongo. Halafu kila siku, kabla ya kikombe cha kwanza, anasimama na raketi hiyohiyo upande wa pili wa meza, anacheza seti moja na Kimbunga mbele ya watu, anafungwa. Mwezi wa kwanza ilikuwa ishirini na moja kwa bila kila siku, isipokuwa siku ya mvua. Jiko linamzimikia, kahawa inakuwa na ladha ya sufuria, wapita njia wanasimama kumwangalia bibi mzima anavyohema akikifukuza kimpira. Analipa. Hajaomba apunguziwe.

Juzi alipata pointi nne. Kimbunga anadai ya nne haikugusa meza.

Iligusa.